ASILI YA NENO "BOYCOTT"

Katika kila lugha yamo maneno ambayo watu huyatumia kila siku pasipo kujua yalikotoka. Neno likisha kuzoewa na ulimi, hakuna aulizaye tena habari za wazazi wake. Wazee wetu wa pwani walikiita kitambaa kigumu cha pamba "marekani", kwa sababu kililetwa na merikebu za nchi ya Marekani. Wajukuu wakaendelea kulitumia jina hilo hata nguo yenyewe ilipokuwa imefumwa mahali pengine kabisa. Nchi ikageuka kuwa nguo, wala hakuna aliyeshangaa.

Waingereza nao wanayo maneno mengi ya namna hii, na mengine yametoka katika majina ya watu. Koti la mvua huliita "mackintosh", kwa ajili ya Charles Macintosh, mtu wa Scotland, aliyepata mwaka 1823 haki ya kutengeneza nguo isiyopenya maji. Mkate uliotiwa nyama katikati huuita "sandwich", kwa ajili ya bwana mmoja mkubwa aliyekuwa na cheo cha Earl wa Sandwich. Watu hawa wamepata heshima kwa vitu walivyovitengeneza au kuvipenda. Lakini liko neno moja ambalo mwenye jina hakulipata kwa jambo alilolitenda yeye, bali kwa jambo alilotendewa na jirani zake. Neno hilo ni "boycott". Habari zake zafaa kujulikana, kwa maana limezunguka dunia nzima, limefika hata kwetu, na ndani yake mna fundisho kwa kila mtu akaaye kijijini pamoja na wenziwe.

MAANA YA NENO

Kwanza na tuitazame maana. "Kumboycott" mtu, kama Waingereza wasemavyo, ni watu wengi kupatana kwamba hawatanunua kwake wala kumwuzia, hawatamfanyia kazi, wala hawatashirikiana naye, mpaka ageuze jambo fulani. Anaweza kuwa mtu mmoja, au duka, au kampuni, au hata taifa zima. Hakuna anayepigwa, hakuna kinachochomwa moto. Watu hujitenga tu, wakamwacha mwenzao na mali yake.

Msomaji atauliza: Je, Kiswahili hakina neno la jambo hili? Kinayo matatu, na kila moja lina sehemu yake. La kwanza ni kususia. Mtu aliyeudhiwa hukataa chakula au kitu kilicho chake, aonyeshe uchungu wake. Naye akikikataa kitu cha mtu mwingine kwa sababu hiyo, twasema amekisusia. La pili ni kugoma, yaani wafanya kazi kuweka majembe chini. La tatu ni kutenga, yaani watu wa mji kumwacha mwenzao peke yake, wasimpe moto, wasimsaidie kwa msiba wala kwa arusi. Kila mwanakijiji anajua jinsi adhabu hii ya tatu ilivyo nzito. Wako waliovumilia fimbo lakini hawakuvumilia kutengwa.

Siku hizi twalifasiri neno "boycott" kwa kususia, na si vibaya. Lakini neno lilipozaliwa lilikuwa na maana zote tatu kwa pamoja. Wafanya kazi waligoma, wenye maduka walisusia, na majirani walitenga. Haya yote yalimpata mtu mmoja, kwa majuma machache, karibu na ziwa moja katika nchi ya Ireland.

NCHI NA MASHAMBA YAKE

Ireland ni kisiwa kilichoko magharibi ya Uingereza, na wakati ule kilikuwa chini ya serikali ya Waingereza. Wenyeji wengi walikuwa wakulima maskini, lakini ardhi waliyoilima haikuwa yao. Katika nchi yenye watu zaidi ya milioni tano, karibu ardhi yote ilikuwa mikononi mwa watu wapatao 10,000. Wengi wa hao wenye ardhi walikuwa wa damu na dini tofauti na wakulima wao, na wengine hawakukaa Ireland kabisa. Walikaa mbali, wakaweka wasimamizi wa kukusanya kodi.

Mkulima alilipa kodi kila mwaka. Akishindwa kulipa, alitolewa shambani yeye na mkewe na watoto wake, na mara nyingine nyumba ilibomolewa nyuma yao wasipate kurudi. Tena, akijenga ukuta au akikausha bwawa ili shamba lizae zaidi, aweza kupandishiwa kodi kwa kazi ya mikono yake mwenyewe. Kwa hiyo wengi waliogopa kulitengeneza shamba.

Watu hawa walikuwa na kumbukumbu ya kutisha. Mwaka 1845 ugonjwa uliingia katika viazi, navyo ndivyo vilivyokuwa chakula cha maskini. Njaa ikaendelea miaka kadhaa. Watu wapatao milioni moja wakafa, na wengine zaidi ya milioni wakapanda merikebu kuihama nchi. Basi mwaka 1879, mvua ilipozidi na mavuno yakaharibika tena, hofu ya zamani ilirudi katika kila nyumba. Kodi ilidaiwa kama kawaida, na shamba halikuwa na kitu.

Hapo ndipo alipotokea Michael Davitt. Mtu huyu alizaliwa mwaka 1846 katika jimbo la Mayo, magharibi ya Ireland. Alipokuwa mtoto wa miaka minne wazazi wake walitolewa shambani mwao, wakavuka bahari kwenda Uingereza kutafuta kazi. Alipokuwa na miaka 11 alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha pamba, mashine ikamnasa, mkono wake wa kuume ukakatwa. Akarudi Ireland akiwa mtu mzima, na tarehe 21 Oktoba 1879 chama cha kutetea wakulima kikaanzishwa katika mji wa Dublin, kikaitwa Land League, yaani Umoja wa Ardhi. Davitt alikuwa mmoja wa makatibu wake, na Charles Stewart Parnell akawa rais. Parnell mwenyewe alikuwa mwenye ardhi na Mprotestanti, walakini alisimama upande wa wakulima.

Tarehe 19 Septemba 1880 Parnell alihutubia mkutano mkubwa katika mji wa Ennis. Aliwauliza watu wamtendeje mtu atakayechukua shamba ambalo jirani yake ametolewa. Sauti zikatoka katikati ya watu kwamba apigwe risasi. Parnell akasema iko njia iliyo bora, ya Kikristo zaidi, impayo mkosaji nafasi ya kutubu: wasimsemeshe njiani, wala dukani, wala sokoni, wala mahali pa ibada, wamwache peke yake kama vile zamani alivyoachwa mwenye ukoma. Maneno hayo yalienea haraka. Wala haikupita hata juma moja kabla hayajajaribiwa, si kwa mkulima aliyechukua shamba la mwenziwe, bali kwa msimamizi wa bwana mkubwa.

BWANA MWENYEWE

Charles Cunningham Boycott alizaliwa mwaka 1832 katika kijiji cha Burgh St Peter, upande wa mashariki ya Uingereza. Baba yake alikuwa kasisi wa parokia hiyo. Jina la jamaa lilikuwa likiandikwa Boycatt, lakini mwaka 1841 waliligeuza herufi moja wakaandika Boycott. Laiti wasingaligeuza, dunia nzima leo ingalitumia neno lingine kidogo.

Kijana huyu aliingia jeshini, akapelekwa Ireland, akaoa mwanamke wa huko, akaacha jeshi baada ya miaka michache, akawa mkulima. Hata hivyo watu waliendelea kumwita Kapteni. Alikaa miaka mingi katika kisiwa cha Achill, kisha mwaka 1873 akahamia nyumba iitwayo Lough Mask House, kando ya ziwa la Mask, karibu na mji mdogo wa Ballinrobe katika jimbo la Mayo. Alipanga shamba kubwa kwa Lord Erne, bwana mwenye ekari zaidi ya 40,000 katika Ireland, tena akawa msimamizi wa sehemu ya ardhi ya bwana huyo, ekari 1,500 hivi. Kazi yake ilikuwa kukusanya kodi kwa wakulima, naye alipata sehemu moja katika kumi ya kodi hiyo.

Hakuwa mtu mwovu kupita wasimamizi wote wa nchi ile. Alikuwa mchapa kazi, mpenda farasi, mwenye kushika sheria kwa ukali. Lakini wakulima walimlalamikia kwa mambo madogo madogo: mnyama wa mtu akivuka mpaka, faini, lango likiachwa wazi, faini. Mambo madogo yakirundikana huwa mzigo, na mzigo wa namna hii hauonekani na yeye aliyeutwika. Huonekana na aliyeuchukua.

MWAKA 1880

Mavuno yalipokuwa mabaya, Lord Erne alikubali kupunguza kodi sehemu moja katika kumi. Wakulima wakaomba wapunguziwe robo nzima. Bwana akakataa. Baadhi yao wakakataa kulipa, na Boycott akapata hati za mahakama za kuwatoa mashambani wakulima 11.

Tarehe 22 Septemba 1880, siku tatu tu baada ya mkutano wa Ennis, tarishi wa mahakama akatoka na askari polisi kupeleka hati hizo nyumba kwa nyumba. Nyumba tatu akafaulu. Katika nyumba ya nne mama mwenye nyumba akakataa kuipokea, akapunga kitambaa chekundu kuwaita wenziwe. Wanawake wa mji wakatoka, wakawatupia mawe na matope na mavi ya ng'ombe, hata tarishi na askari wake wakakimbilia nyumba ya Boycott kujificha.

Kesho yake watu wengi walikwenda kwenye shamba la Boycott. Wakawaambia wafanya kazi wote waache kazi, nao wakaacha: wa shambani, wa farasi, na wa nyumbani. Wengine walitoka kwa moyo, wengine kwa hofu ya jirani zao. Mhunzi akakataa kupiga vyuma vya farasi. Dobi akakataa kufua. Wenye maduka wa Ballinrobe wakakataa kumwuzia vitu, hata chakula kikawa hakina budi kuletwa kutoka mji mwingine kwa mashua. Kijana mpeleka barua akatishwa asipeleke. Mpwa wa Boycott alipojaribu kwenda kuzichukua yeye, akazuiwa njiani.

Basi bwana huyu, ambaye juzi alikuwa akiamuru watu wote, sasa alikuwa akikamua ng'ombe na kulisha mifugo yeye mwenyewe pamoja na jamaa yake. Nafaka ilisimama shambani bila mvunaji, na viazi vilikuwa ardhini bila mchimbaji. Fedha alikuwa nayo, sheria alikuwa nayo, askari walikuwa tayari kumlinda. Lakini fedha isiyopokewa na mtu ni bati tu, wala sheria haikumpa mfuliaji wa nguo.

Tusifikiri kwamba jambo hili lilikuwa mchezo. Tarehe 25 Septemba mwaka huo huo, si mbali na hapo, mwenye ardhi mmoja aitwaye Lord Mountmorres aliuawa kwa risasi njiani. Hiyo ndiyo njia ya pili iliyokuwa wazi mbele ya watu wenye hasira. Katika nchi ile, mwaka ule, kumtenga mtu na kumwua mtu vilikuwa njia mbili zikianzia mahali pamoja, na viongozi walipaswa kuwageuza watu waifuate moja na kuiacha nyingine.

NENO LAZALIWA

Miongoni mwa viongozi hao alikuwako padre John O'Malley, mchungaji wa watu wa mahali pale. Tena alikuwako James Redpath, mwandishi wa gazeti kutoka Marekani, ambaye zamani alikuwa adui mkubwa wa utumwa. Redpath ndiye aliyesimulia jinsi neno lilivyopatikana. Alikuwa akila na padre, naye hakuweza kula vema kwa kuwa alikuwa akitafuta neno. Akasema kwamba watu wakimtenga mwenye ardhi au mchukua shamba, Kiingereza kina neno moja, nalo ni "ostracise", lakini neno hilo wakulima hawatalifahamu.

Na kweli wasingalilifahamu. Neno lile lilitoka kwa Wayunani wa kale. Katika mji wa Athene raia walikuwa wakiandika juu ya kigae jina la mtu waliyemwogopa kuwa na nguvu kupita kiasi, na yule aliyepata vigae vingi alifukuzwa mjini miaka 10. Kigae hicho kwa Kiyunani ni "ostrakon". Ni neno zuri, lakini ni la watu wa vyuo. Padre akakubali kwamba halifai. Akafikiri kidogo, kisha akasema: Kwa nini tusiseme kumboycott?

Basi ndivyo lilivyozaliwa. Halikutungwa na mwanachuoni mezani pa kamusi. Lilitoka kinywani mwa padre wa shamba aliyetaka watu wake wafahamu. Hakuna mkulima wa Mayo aliyehitaji kufasiriwa neno hilo, kwa sababu kila mmoja alimjua Boycott na yaliyompata. Redpath akaliandika katika gazeti la Marekani mwezi wa Oktoba 1880. Tarehe 20 Novemba gazeti la The Times la London lilikuwa likilitumia katika habari za mji mwingine wa Ireland, ambao Boycott hakupata kuwa na shamba huko. Katika majuma machache jina la mtu lilikuwa limekwisha kumwacha mwenyewe na kuanza safari yake.

MAVUNO YA GHARAMA

Boycott naye hakukaa kimya. Aliandika barua kwa The Times kueleza mashaka yake, ikapigwa chapa tarehe 18 Oktoba. Watu wa Uingereza na wa kaskazini ya Ireland walioisoma wakamhurumia, wakachanga fedha. Wakajitoa wanaume 50, Waprotestanti wa majimbo ya Cavan na Monaghan, waende kumvunia. Serikali iliogopa vita, ikapeleka askari wa jeshi na polisi wapatao elfu moja au zaidi kuwalinda. Wavunaji wakafika mwezi wa Novemba, katika mvua kubwa, wakapiga hema zao karibu na nyumba.

Padre O'Malley aliwaambia watu wake wakae nyumbani, wasiwaguse askari. Nao wakamtii. Jeshi lilikuja kupigana na adui asiyetokea. Wavunaji wakachimba viazi, wakang'oa mboga za mizizi, wakapura nafaka. Mavuno yote yalikisiwa kuwa na thamani ya pauni 500 hivi, na gharama ya kuwalinda wavunaji ilikisiwa kuwa si chini ya pauni 10,000. Parnell akawacheka, akasema kila mzizi mmoja wa mboga umeigharimu serikali shilingi nzima.

Kazi ikaisha, na tarehe 27 Novemba 1880 Boycott na jamaa yake wakaondoka. Hata siku hiyo hakupatikana mwendesha gari la farasi aliyekubali kuwachukua; walipanda gari la jeshi la kuchukulia wagonjwa. Walipofika Dublin, mwenye hoteli alipata barua ya kumtisha, nao wakavuka bahari kwenda Uingereza tarehe 1 Desemba.

Mwaka uliofuata, 1881, Bunge la Uingereza lilitunga sheria mpya ya ardhi ya Ireland, ikaweka mahakama za kukata kodi ya haki, na mkulima aliyelipa kodi yake asiweze kutolewa ovyo. Sheria ya mwaka 1903 ikaongeza, ikawakopesha wakulima fedha wanunue mashamba yenyewe. Hatuwezi kusema kwamba mambo haya yote yalitokana na shamba moja la Lough Mask, kwa kuwa watu wengi walifanya kazi mahali pengi. Lakini jina la shamba lile lilikuwa katika vinywa vyao.

NENO LASAFIRI

Jambo lenyewe lilikuwako kabla ya jina. Mwaka 1791, Bunge la Uingereza lilipokataa kuzuia biashara ya watumwa, watu wengi wa nchi hiyo waliapa kwamba hawatatia katika chai yao sukari iliyolimwa na watumwa katika visiwa vya Amerika. Thomas Clarkson, mmoja wa wapinga utumwa, alikisia kwamba waliojinyima walikuwa watu 300,000. Waliitenda kazi ya neno hili miaka karibu 90 kabla neno halijazaliwa.

Lakini jambo likipata jina fupi, huenda upesi zaidi. Wafaransa, Wajerumani, Waholanzi, Warusi, hata Wajapani, wote wamelichukua jina la Boycott na kulitamka kwa namna yao. Mji wa Montgomery katika Marekani, watu weusi walilazimishwa kuwaachia watu weupe viti katika mabasi. Tarehe 1 Desemba 1955 Rosa Parks alikataa kuinuka, akakamatwa. Kuanzia tarehe 5 Desemba watu weusi wa mji huo waliyasusia mabasi siku 381. Wakaenda kwa miguu asubuhi na jioni, wazee kwa vijana, mpaka mahakama kuu ya nchi yao ilipoamua kwamba ubaguzi ule ni kinyume cha sheria.

Kwetu Afrika ya Mashariki neno hili limetugusa kwa karibu. Tarehe 26 Juni 1959 ulifanyika mkutano katika mji wa London wa kuwaomba Waingereza wasinunue bidhaa za Afrika ya Kusini, kwa sababu ya ubaguzi wa rangi wa serikali ya huko. Miongoni mwa waliosema siku hiyo alikuwako Julius Nyerere wa Tanganyika, naye aliwaeleza kwamba haombi jambo kubwa, ila waache kuusaidia ubaguzi kwa fedha zao. Alikuwako pia kasisi Trevor Huddleston, ambaye mwaka 1960 alifanywa askofu wa Masasi. Umoja ulioanzishwa siku hiyo ulichukua jina la "boycott" wazi wazi. Mwaka 1976 mataifa zaidi ya 20 ya Afrika, Tanzania na Kenya zikiwamo, yaliisusia michezo ya Olimpiki ya Montreal, kwa kuwa timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika ya Kusini. Filbert Bayi, aliyekuwa ameshika rekodi ya dunia ya mbio za mita 1,500 tangu mwaka 1974, hakukimbia katika michezo hiyo. Kususia kuna bei yake, na mara nyingi bei hulipwa na mtu asiye na kosa. Afrika ya Kusini ilipiga kura ya watu wa rangi zote mwaka 1994.

UPANGA WENYE MAKALI KUWILI

Hata hapa msomaji aweza kudhani kwamba kususia ni jambo jema siku zote. La, sivyo. Tarehe 1 Aprili 1933 serikali ya Hitler katika Ujerumani iliwaamuru watu wasusie maduka ya Wayahudi. Watu wake waliovaa sare walisimama milangoni kuwazuia wanunuzi, wakapaka alama kwenye madirisha. Neno lililotumika lilikuwa lile lile la padre wa Mayo. Lakini huko Mayo wanyonge walijitenga na mwenye nguvu. Na Ujerumani wenye nguvu, na serikali mkononi mwao, waliwatenga wanyonge. Hatua ile ilikuwa mwanzo wa mambo yaliyoishia katika mauaji ya mamilioni ya watu. Vile vile katika Buganda mwaka 1959, watu waliposusia maduka ya Wahindi, wako waliotishwa na kupigwa kwa kosa la kununua chumvi tu. Na huko Mayo kwenyewe tumeona kwamba si kila mfanya kazi aliyetoka kwa Boycott alitoka kwa hiari yake.

Basi tufanyeje na silaha ya namna hii? Wazee husema: "Ukisusa, wenzio wala." Methali hii ni kweli kwa mtu mmoja mwenye hasira, akisusa peke yake, hasara ni yake. Lakini wote wakisusa, chakula chaoza mezani, na mwenye kukiandaa hana budi kuuliza sababu. Nguvu ya wanyonge ni mapatano yao. Kwa hiyo mapatano hayo yafaa kupimwa kabla ya kutumiwa, maana yeye atakayetengwa ni mtu, naye ana mke na watoto.

Wakulima wa Lough Mask waliomba kwanza kwa maneno, nao wakakataliwa. Jambo walilotaka lilikuwa wazi, mtu aweza kulihesabu kwa shilingi: robo ya kodi. Tena lilikuwa jambo ambalo mwenye nguvu angeweza kulitimiza siku yo yote, na mara ile angesamehewa. Mahali ambapo mambo haya matatu yapo, yaani ombi lililotangulia, haki iliyo wazi, na mlango wa kurudi, kususia ni njia ya watu waungwana. Mahali yasipokuwapo, mtu akatengwa kwa kabila lake, au kwa uvumi wa uchawi, au kwa wivu wa mali yake, hapo pana dhuluma, hata ikiwa kijiji kizima kimepatana. Mtu hawezi kuacha kuwa Myahudi ili afunguliwe duka lake. Wala mjane aliyezuliwa uchawi hana hati ya kodi awezayo kuipunguza.

Boycott mwenyewe alirudi Lough Mask mwaka 1881, na chuki ikapungua. Mwaka 1886 akapata kazi ya kusimamia mashamba huko Flixton, mashariki ya Uingereza, akafa tarehe 19 Juni 1897, akiwa na umri wa miaka 65, akazikwa Burgh St Peter, kijiji alichozaliwa. Hata baada ya mambo yale yote alipenda kurudi Ireland kupumzika. Majirani walimsamehe, lugha haikumsamehe. Jina alilopewa na baba yake sasa huandikwa kwa herufi ndogo katika kamusi, baina ya maneno mengine, na wengi walitumiao hawajui kwamba alikuwa mtu.